Shoka la Kifunguamimba

Kariandusi,
6 Aprili 2025

Kwa kaka yangu Joash,

Pokea salamu za wote wanaokula kwenye sufuria ya Mama. Na wewe afande unayefungua barua hii kabla haijamfikia, habari ya kazi? Ndani kuna picha. Ukishaziangalia zirudishe zote.

Sisi ni wazima. Mama anasema upake mafuta miguuni, kana kwamba huko jela mna duka kila kona. Elphas mdogo wetu bado yuko kwenye gereji Nakuru mjini, amenenepa, na mwisho wa mwezi anakuja nyumbani na mkate mkononi kama mgeni. Binti yangu Kimberly ameng'oka meno ya mbele lakini bado anaongea kuliko redio. Baba yuko. Kile kifua alichokitoa mgodini kinamsumbua mvua ikinyesha, na mvua inanyesha.

Ulisema simu ya huko ni ya zamu, na zamu yako ikifika mtandao umeshakwenda, kwa hivyo niandike barua na nitie ndani picha za vitu vya kawaida. Si harusi, si ubatizo, unataka tu kuona nyumbani kunavyoamka. Basi nimezunguka hapa na simu yangu kama mtalii. Mwenye studio kule Gilgil aliniuliza, "Madam, hizi zote unaprinti za nini? Hakuna hata moja mtu amesmaili." Nikamwambia ni za mtu ambaye hatuonangi.

Kuna kilima cha mgodi asubuhi, kile cheupe kilichotulisha na kumharibu Baba mapafu. Kuna Mama akifua kwenye chemchemi ya maji moto. Alikataa kuangalia simu eti hajachana nywele. Kuna soko siku ya viazi vya Dundori, magunia yamejazwa mpaka yametoa shingo. Kuna ndege. Flamingo wamepungua sana mwaka huu, sasa ni mwari tu, na ile midomo yao kama mifuko ya kwenda sokoni. Ya mwisho ni Mama mlangoni amekumbatia jogoo.

Huyo jogoo ndiye habari yenyewe.

Ziwa linapanda. Usishtuke, si mara ya kwanza. Limemeza shamba la jirani yetu Kibii, naye amehama na ng'ombe wake kwenda kwa shemeji yake. Kwetu limefika ua wa chini tu. Baba mdogo ametupa kipande cha ardhi kwake Bahati, juu, pakavu, wala hataki kitu. Baba alinunua jogoo siku hiyohiyo, nasi tukajua tunahama. Lakini unajua mambo ya dala, boma la mtu, kwetu Wajaluo. Mwenye boma haondoki na godoro kichwani kama mpangaji aliyefukuzwa. Baba abebe jogoo, Mama abebe moto, na kifunguamimba wa kiume ashike shoka. Nyumba isimame siku hiyo na walale ndani yake. Shoka likikosa mwenyewe, hicho ni kibanda, si boma, na mwenye nacho akifa watu wanabaki kuulizana wamzike wapi.

Baba anakungoja wewe. Anasema ulimwambia rufaa yako iko karibu kuamuliwa na wakili ana matumaini. Kwa hivyo Joash, nipe tarehe. Hata ya kubahatisha. Nitamwambia Baba, atatulia, na maji nayo tutayaomba yatulie.

Dada yako,
Adero


Gerezani,
19 Mei 2025

Dada yangu Adero, mama Kimberly,

Barua yako imechelewa lakini imefika, na picha zote zimo. Afande amekusalimu. Alikaa sana na ile ya viazi, nafikiri ni mtu wa Bahati au huko karibu.

Nina afya. Mama mwambie miguu yangu inang'aa. Kwa kuwa sina simu ya kupigia picha, nitakupigia kwa maneno. Nipo kwenye useremala. Tunatengeneza madawati ya shule, mimi kazi yangu ni kupiga randa, na jioni nikikohoa natoa maranda. Dirishani naona kilele cha mwarobaini na waya. Kunguru mmoja amezoea kukaa hapo saa ya uji na tumempa jina la mkuu wa gereza. (Afande, huo ni mzaha.) Joto la huku halina adabu, hata kivuli kina jasho. Ukungu wa kwetu asubuhi, ule unaoficha ziwa mpaka saa tatu, nimeuota zaidi ya mara moja. Jumapili huwa namwombea yule mama wa barabarani, na watoto wake. Lori nililoendesha mimi ndilo lililomuua, siwezi kuomba kitu kingine kabla ya hicho.

Picha nimezibandika ukutani juu ya mkeka wangu kwa gundi ya mbao. Wenzangu wanazijua sasa. Kuna mmoja kila asubuhi anamsalimu Mama kwenye chemchemi.

Lakini Adero, nikiangalia picha sina haraka, na mtu asiye na haraka huona. Ile ya Mama na jogoo, nyuma ya bega lake kuna nguzo, na juu ya nguzo kuna mwari. Ile si nguzo ya ua wa chini. Ni ile niliyoichimbia mimi kando ya choo, hatua chache kutoka mlangoni, imepinda kwa sababu nilikutana na jiwe. Mwari hufuata maji, hakai juu ya mahindi. Maji yako wapi?

Nipigie picha ukisimama mlangoni ukiangalia chini, upande wa ziwa. Hiyo moja tu.

Mambo ya rufaa yanaendelea. Mahakama ni mahakama. Mwambie Baba asikae kwenye baridi.

Kaka yako,
Joash


Kariandusi,
15 Juni 2025

Joash,

Salamu zetu ni zilezile. Mama mzima, Kimberly mzima, Elphas alikuja na mkate. Baba anakohoa.

Una macho ya mwewe na ulimi wa mwanasheria, sijui kwa nini ulikubali kuwa dereva. Maji yako chini. Nimeshasema. Huyo mwari alikuwa anapumzika.

Nimekutumia nyingine. Kwaya ya kanisa na sare mpya, rangi yake ni ya soda ya chungwa, usicheke. Kibanda cha Linah pale barabarani, ameongeza chapati na maharagwe na sasa madereva wa malori wote wanasimama kwake. Punda wa maji amelala katikati ya barabara. Mti wa jakaranda wa shule. Zote nimepiga nikiwa nimeangalia barabarani kwa sababu upande huo mwanga ni mzuri. Ile ya mlangoni haikutoka vizuri.

Chifu alikuja kwa Baba. Akasimama mbali kidogo, na viatu vya mpira, akasema, "Mzee, si uhame tu? Hii maji haina heshima ya mtu."

Baba akamjibu, "Chifu, kijana yangu ako njiani."

"Ametoka?"

"Ako njiani."

Chifu akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia kuku.

Nilijaribu kumwambia Baba amchukue Elphas, si naye ni mtoto wa kiume, si naye ana mikono? Joash, sijawahi kumwona Baba amekasirika hivyo tangu tukiwa wadogo. Hakupaza sauti. Aliniambia, "Adero, kifunguamimba akiwa amekufa ndiyo anayefuata anashika shoka. Unataka niambie watu Joash amekufa?" Kisha akakohoa mpaka Mama akaja na maji ya moto. Tangu siku hiyo sijafungua mdomo.

Na jogoo mwenyewe amekuwa balaa. Amenenepa, anampiga kila jogoo wa jirani, anawika saa zote. Mama anamwangalia kwa jicho la kitoweo. Anamwambia Baba mwanao akichelewa tena kidogo, tutafungua boma kwa mifupa.

Nataka tarehe, Joash. Umeandika maranda, umeandika kunguru, umeandika jasho la kivuli. Tarehe hukuandika.

Adero


Gerezani,
14 Julai 2025

Dada Adero,

Nakusalimu, na wote nyumbani.

Juzi ameletwa mtu mpya hapa, na kwa kumsikia tu anavyoongea nikajua ni wa kwetu. Nikamuuliza kama anapajua kwa mzee wa mgodi, chini ya barabara, karibu na ziwa. Akasema, "Wale wazee? Boss, hao wanalala juu ya meza. Maji imeingia mpaka jikoni. Watu wote wametoka, wamebaki wao na kuku." Hakujua anaongea na nani. Tangu alipojua mpaka leo ananikwepa kwenye foleni ya chakula.

Juu ya meza, Adero. Ni ile meza niliyowatengenezea? Mama na mgongo wake? Na wewe unanitumia punda.

Nilikasirika sana. Niliandika barua nyingine kabla ya hii na nikaichana, maana nilikuwa nakutukana. Kisha nikakaa na kujiuliza mimi nimekuwa nikikutumia nini. Kunguru.

Basi sikiliza. Rufaa ilitupwa mwezi wa pili. Nilikuwa nimeshajua uliponiandikia ile barua ya kwanza. Hakimu alisoma haraka, sikuelewa mpaka wakili alipoanza kukusanya karatasi zake. Nimebakisha miaka mitano, ukitoa ile wanayopunguza kwa tabia njema labda mitatu na kitu. Sikuweza kukuambia kwa sababu nilijua Baba anashikilia nini. Nilifikiri maji yatashuka. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mtu mzima mimi, kwamba nikinyamaza ziwa litarudi nyuma.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Baba. Imekunjwa peke yake. Msomee wewe, macho yake yasichoke. Nimemwambia mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, Elphas ashike shoka. Nimemwambia sitalalamika, wala sitadai nafasi yangu. Nimemwambia anione kama mtu asiyekuwapo, lakini atoke kwenye maji.

Msomee leo. Usingoje Jumapili.

Joash


Gerezani,
18 Agosti 2025

Adero,

Umenyamaza. Nimehesabu kwaya yako, nimehesabu mpaka vifungo vya sare. Yule mtu mpya wa kwetu amehamishwa, sina wa kumuuliza. Kama kuna jambo baya liandike lilivyo. Hata bila salamu.

Joash


Bahati,
7 Septemba 2025

Kwa kaka yangu Joash,

Wote tuko hai. Naanza na hilo, sikutaka ulitafute katikati ya maneno. Mama yuko, Baba yuko, Elphas yuko, Kimberly ameota meno mapya. Na unaona nimeandika Bahati.

Nisamehe kwa kunyamaza. Nilikaa na kalamu mara nyingi, na kila mara nikajikuta nafua nguo ambazo si chafu.

Karatasi yako nilimsomea Baba siku ileile, akiwa amekaa juu ya ile meza yako iliyogeuka kitanda chao, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa ili isilowe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nisome tena. Kisha akasema, "Huyu si Joash. Joash hawezi kuniomba nimuache." Akalala na kuangalia ukuta. Nilimwambia ni mwandiko wako, nikamwonyesha. Hakugeuka. Siku zikapita hivyo, mvua kila mchana, naye anakohoa, mimi namfokea. Nilimpigia Elphas, nikampigia Baba mdogo, nikamwita mchungaji. Mchungaji aliomba vizuri sana akaondoka na viatu mkononi.

Aliyemtoa Baba ni Mama, na hakukusudia. Aliteleza jikoni na sufuria ya uji. Hakuvunjika kitu, lakini alipoanguka alikaa palepale ndani ya maji, uji umemwagika umemzunguka, na nilipotaka kumwinua akakataa. Akamwambia Baba, "Unangojea mtoto. Ni sawa, ngojea. Na mimi nitangojea hapa." Hakulia. Aliketi tu, maji mpaka kiunoni, mwanamke mzima, mama wa watu. Baba alishuka kitandani, akaingia kwenye maji, akakaa kando yake. Wakawa wawili pale, na mimi nimesimama mlangoni nikilia kama mtoto wa chekechea, kwa sababu sikujua nimwinue nani kwanza.

Baba akasema, "Mwambie Elphas aje."

Nikafurahi. Nikasema, "Asante Baba. Utamchukua Elphas?"

"Simchukui Elphas. Namchukua Joash."

Nilifikiri ni homa.

Elphas alikuja alfajiri ya Jumamosi na pikapu ya gereji. Mama alikuwa ameshaweka makaa kwenye jiko dogo, Baba ana jogoo kwapani. Elphas akashika shoka. Tulipofika langoni Baba akasimama, akamgeukia.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Baba. Elphas."

Baba hakusogea. Maji yanapita kwenye viatu vyetu. Akauliza tena, "Wewe ni nani?"

Elphas akaniangalia. Kaka, uso wake ulikuwa umechoka kuliko nilivyowahi kuuona. Akasema, "Baba, mi ni Elphas. Si unanijua?"

Baba akauliza mara ya tatu, sauti ileile, bila hasira, kama karani. Mama akasema kwa upole, "Mwanangu, mjibu baba yako. Makaa yanazima."

Elphas akasema, "Ni Joash."

"Haya. Twende, Joash."

Elphas aliendesha huku anafuta macho kwa mkono wa shati mpaka tukapita Nakuru. Baba mdogo alituonyesha mahali, Elphas akakata mti wa kwanza, mafundi wakapiga mabati, na nyumba ikasimama kabla ya mvua. Wakalala humo watatu kama inavyotakiwa. Hapa ni pazuri, Joash. Udongo mwekundu, baridi, jirani ana karoti na ng'ombe wa maziwa. Ukitazama chini siku isiyo na ukungu unaona Ziwa Nakuru, nalo pia limejaa, lakini liko mbali. Kifua cha Baba kimepoa. Anakula. Watu wanasema amerudi kuwa kijana.

Sasa nikwambie kilichonizuia kuandika. Tangu siku ile Baba hajamwita Elphas jina lake. Anamwita Joash. Mwanzoni tulidhani ni kwa ajili ya ile siku, kwamba siku ikiisha na mambo yake ataacha. Hajaacha. Anamuuliza lori lilimsumbua wapi. Anamwambia shukuru Mungu umetoka. Elphas amekuwa akirudi kila Jumamosi kwa sababu asipokuja Baba anakaa langoni, na Elphas anaitika. Afanyeje? Juzi aliniambia, "Sista, hii jina inanichoma, lakini nikikataa Mzee ataanguka." Habari zako Baba haulizi tena. Leo nimemwambia naandika barua, nikamuuliza nimsalimie Joash vipi. Akacheka. Akasema, "Unamwandikia ya nini, na yuko hapo nje anachonga mlango?"

Sijui kama ni uzee, au ni njia yake ya kukuweka nyumbani. Mama hataki tuliongelee. Nimkatalie, Joash? Nimketishe nimwambie mwanao bado yuko gerezani? Niambie, nitafanya utakavyosema, kwa sababu mimi sijui tena.

Picha ni za Bahati. Zote, pande zote, sikuficha kitu. Yule aliye nyuma ya Baba na msumari mdomoni ni Elphas.

Dada yako akupendaye,
Adero


Gerezani,
3 Oktoba 2025

Dada yangu Adero,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Kimberly na meno yake, kwa Baba mdogo na mke wake kwa kutupokea. Salamu kwa Elphas, na hizi mpe mkiwa wawili tu.

Picha nimezipata. Nimezibandika juu ya zile za zamani. Mlango umechongwa vizuri. Mwambie tu bawaba ya chini iko juu mno, utaanza kuburuta mvua zikija.

Baba amenenepa. Nimeiangalia hiyo picha siku nzima. Ana mkono begani mwa Elphas, na sijui kama umeona, anacheka hadi jino la nyuma. Mimi huo mkono nimewahi kuupata mara mbili hivi. Nilifikiri nitaona wivu. Niliona wivu. Kisha kengele ikalia, nikaenda kupiga randa.

Usimkatalie. Usimketishe, usimwambie chochote. Kama mtoto wake ametoka, ametoka. Mwambie Elphas aendelee kuitika, na mwambie lori lilisumbua kwenye breki, Baba atauliza tena. Barua zangu msomee Mama jikoni, kisha zitie motoni ili asije akaziona. Picha zangu kama zipo ukutani zitoe taratibu, usizitoe zote siku moja.

Mimi nitamaliza siku zangu. Nikitoka nitauliza njia ya kufika Bahati kwa watu, nitafika langoni, nitabisha hodi. Na kama Baba atakuwapo bado, akaja kufungua akaniuliza mimi ni nani, nitamwambia ni Elphas, nimetoka gereji, nimeleta mkate.

Kaka yako